Simu Mfukoni, Masikio Barabarani

Mwendesha boda anayepandisha kutoka Kinawataka kwenda Mbuya juu hana mkono wa kukupa. Wa kulia umeshika mafuta na breki, wa kushoto klachi, na macho yanagawana kazi kati ya mashimo, mitaro na lori linaloingia barabarani bila kuonyesha taa. Nyuma yake abiria anazungumza. Simu imo mfuko wa kifuani, ndani ya jaketi, kwa sababu jioni kwenye Barabara ya Jinja ukiibandika wazi kwenye usukani wapo wenye mikono myepesi kukuzidi. Kwa mtu huyu, programu ya kuita boda haina rangi wala ramani yenye nukta ya buluu inayotembea. Ina mlio tu. Akiusikia na kuuelewa, kesho yake ina abiria mwingine. Asipousikia, kazi yote ya aliyechora skrini zile nzuri imelala mfukoni.

Ninaanza na huyu kwa makusudi. Mafunzo mengi ya ubunifu wa programu huanza na mtumiaji akiwa ameketi, ametulia, simu mkononi, mtandao umejaa. Hata huko yanakotoka mafunzo hayo mambo si hivyo. Mwaka 2013 mbunifu Mmarekani Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu mitaani, vituoni na madukani, akaona kwamba karibu nusu ya waliokuwa wakigusa skrini, asilimia 49, walikuwa wameishika kwa mkono mmoja, kidole gumba kikifanya kazi yote. Tangu hapo wabunifu makini wameshusha vitufe muhimu chini ya skrini, mahali gumba linapofika bila kujinyoosha. Ni hatua nzuri. Lakini mtu wetu wa Mbuya hana hata hilo gumba. Na akisimama, jua la saa saba linafuta kila kilichoandikwa kwa kijivu juu ya nyeupe, rangi ambazo wabunifu huzipenda mno kwa sababu ofisini kuna mapazia.

Mbuya ni kilima cha mashariki ya Kampala, katika tarafa ya Nakawa, kimepakana na Bugolobi upande mmoja na Mutungo upande mwingine. Juu kuna kanisa Katoliki la Our Lady of Africa, kambi na hospitali ya jeshi, na nyumba za kuta ndefu zenye mandhari ya jiji. Chini, kuelekea Barabara ya Jinja na kinamasi, kuna Kinawataka, mabati yamebanana. Ukitaka kwenda huko hutaji namba ya nyumba. Unasema, ukimwita "bwana" kwa Luganda: "Ssebo, nipeleke Mbuya, kanisani." Mkikaribia ndipo unaongeza: "Nenda mpaka geti la kambi, halafu kushoto, nitakuambia." Mwanajeshi anayerudi kazini ataulizwa, "Afande, geti lipi?" na safari itaishia hapo. Alama moja kubwa inayojulikana na kila mtu, kona mbili tatu, kisha maelekezo ya papo kwa papo kutoka kwa anayeijua njia: ndivyo jiji zima linavyotembea.

SafeBoda, kampuni ya kuita boda kwa simu iliyoanzishwa Kampala mwaka 2014, mmoja wa waanzilishi wake akiwa Ricky Rapa Thomson aliyekuwa mwendesha boda, iliingia katika jiji la namna hiyo ikiwa na teknolojia ya ramani iliyokulia kwenye majiji ya namba na majina ya mitaa. Uber na Bolt nazo zikafuata. Mpaka leo, nukta ya ramani ikishafika karibu, simu hulia: "Uko wapi?" "Niko hapa penye duka la chapati, mkabala na mti." Wapo wabunifu wanaoiona simu hiyo kuwa kushindwa, wakaificha namba ya abiria nyuma ya kurasa mbili ili watu wazoee ramani. Mimi naona kinyume. Kitufe cha kupiga simu ndicho kitufe cha heshima katika programu ya usafiri Kampala, na kinastahili nafasi kubwa kuliko hiyo ramani.

Kuna funzo jingine katika lile neno "kanisani". Ndani ya programu pia watu hupotea, tena kila siku: wamebonyeza tangazo bila kutaka, mtoto ameichezea simu, mtandao umekatika katikati. Aliyepotea hatafuti maelezo. Anatafuta mahali anapopajua ili aanze upya. Kwa hiyo kila programu inahitaji mahali pamoja pasipohama, panapofikika kwa mguso mmoja kutoka popote, na panapofanana leo na jana. Chini ya skrini weka milango mikuu mitatu, minne, isizidi mitano, kila mmoja na neno lake chini ya picha, maana picha peke yake huwa fumbo. Vile vistari vitatu vya pembeni, ambavyo ukivibonyeza hufungua orodha iliyofichwa, mimi sivipendi. Mtu ambaye hakuambiwa kuwa vinabonyezeka atavichukulia kuwa urembo, na nusu ya programu yako hatawahi kuiona. Na kitufe cha kurudi nyuma kirudishe nyuma hatua moja, bila kufuta alichokwisha kuandika. Nimeona fomu za mkopo zinazomrudisha mtu ukurasa wa kwanza, mtupu, kwa sababu alitaka tu kusahihisha herufi moja ya jina.

Lakini walimu wakubwa wa njia ndani ya simu, kwa Afrika Mashariki, hawakuwa wabunifu wa programu. Ni zile menyu za nyota na reli. MTN ilileta huduma ya pesa Uganda mwezi Machi 2009, miaka miwili baada ya M-Pesa ya Kenya, na tangu hapo *165# imekuwa namba inayojulikana kuliko namba nyingi za jamaa. Ujumbe mmoja wa menyu ya aina hiyo hubeba herufi 182 basi, hauna picha, na ukichelewa kujibu kikao kinakatika. Ufinyu huo ulilazimisha nidhamu: maneno machache, uamuzi mmoja kwa kila hatua, na mwishoni swali la kuthibitisha lenye jina la mpokeaji na kiasi. Mama wa sokoni Nakawa haisomi tena menyu hiyo. Vidole vyake vinaijua: namba hii, kisha hii, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Hawezi hata kukutajia orodha iliyopo kwenye hatua ya pili, lakini mkono wake unaipita.

Kumbukumbu hiyo ya vidole ni mali ya mtumiaji, na ndiyo inayovunjwa kirahisi kuliko yote. Siku kampuni inapotaka kusukuma huduma mpya ya mikopo na kuiweka namba moja, kila kitu kingine kikishuka hatua moja, maelfu ya vidole huingia mlango usio wao. Anayepanga menyu kwa hesabu ya mauzo ya mwezi huu hajui anachokitoza. Ongeza kipya chini. Kilichopo kiache kilipo.

Watafiti waliwahi kulipima jambo hili kwa karibu. Indrani Medhi na wenzake, wakifanya kazi na maabara ya utafiti ya Microsoft nchini India, walilinganisha namna kadhaa za kumfikishia huduma mtu asiyesoma vizuri: maandishi, picha zenye sauti, na mazungumzo ya sauti tupu. Maandishi yalishindwa, kama unavyotarajia. Kilichovutia ni tofauti kati ya hizo mbili zilizobaki. Kwa picha zenye sauti, watu wengi zaidi walifika mwisho wa kazi waliyopewa. Kwa mazungumzo ya sauti, waliofika walifika haraka zaidi na kwa kuomba msaada kidogo. Tena waligundua kwamba menyu za tabaka ndani ya tabaka huwachosha watu hao kuliko orodha fupi iliyo wazi mbele yao. Kwa hiyo njia na sauti si masuala mawili ya vikao viwili tofauti. Ukipunguza kina cha njia, sauti inahitajika kidogo. Ukirefusha njia, hakuna sauti itakayokuokoa.

Sasa mlio wenyewe. Wengi tulikulia na ule wa Nokia wa ujumbe mfupi: mitatu mifupi, miwili mirefu, mitatu mifupi. Ni alama za Morse za herufi S, M, S. Karibu hakuna aliyeujua msimbo huo, na haikujalisha. Mpangilio wa mapigo ulitosha kuutofautisha na kila kitu kingine ndani ya teksi iliyojaa. Sikio hushika mapigo upesi kuliko linavyoshika kimo cha noti, hasa mlio ukipita kwenye kitambaa cha jaketi. Kama programu yako ina milio miwili, abiria mpya na safari iliyofutwa, usitofautishe kwa noti ya juu na ya chini. Tofautisha kwa mapigo: mmoja wa haraka haraka, mwingine wenye pengo.

Kuna fizikia kidogo hapa, na haina haja ya kutisha. Kipaza sauti cha simu ni kidogo, hakiwezi kutoa besi. Mlio mzito uliopendeza kwenye spika za studio hugeuka kukohoa ukifika kwenye simu ya bei nafuu. Ngurumo ya injini ya pikipiki ya Boxer nayo imelala zaidi chini kuliko juu, kwa hiyo mlio wa chini humezwa. Sikio la binadamu husikia vizuri zaidi kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, lakini umri ukipanda sehemu ya juu hufifia kwanza. Mbunifu mwenye busara huweka mlio wake katikati, tuseme kati ya 1,000 na 3,000, tena akichanganya noti kadhaa, ili moja ikifunikwa na honi nyingine ipenye. Kisha anaongeza mtetemo, maana kifua husikia pale sikio lililo ndani ya helmeti linaposhindwa.

Na aongeze kwa kiasi. Mwaka 1982 mtafiti Roy Patterson aliiandikia mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza mwongozo kuhusu ving'ora vya ndani ya ndege. Alikuta ving'ora ni vingi mno na vina kelele mno, kiasi kwamba rubani hushtuka na hukimbilia kuvizima badala ya kufikiri kilichovileta. Programu zetu zimerudia kosa hilo kwa furaha. Mlio ule ule unaomwita dereva kazini unatumika kumtangazia punguzo la bei, heri ya sikukuu na shindano la bahati nasibu. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, simu inamruhusu mtumiaji kuzima aina moja ya arifa na kuacha nyingine, mradi msanidi amezitenganisha. Wavivu hawazitenganishi. Mwendesha boda akichoka na matangazo huzima zote, na pamoja nazo anazima riziki yake.

Pesa ndiyo iliyoupa mlio uzito wa pekee. Kwenye vibanda vya Kinawataka mnunuzi anasema "nimetuma," muuzaji anasubiri simu ilie ndipo aachilie mkate. Matapeli wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hutuma ujumbe wa kawaida ulioandikwa kwa kuiga ule wa kampuni: mlio ni ule ule, muuzaji ana wateja watano mbele yake, hasomi. India walilijibu tatizo kwa kisanduku cha sauti cha kaunta, maarufu kikiwa kile cha Paytm, kinachotamka kiasi kilichoingia mara tu malipo yanapothibitishwa na mfumo wenyewe. Wazo zuri, na naona lingefaa hapa mchana. Saa tatu usiku, kisanduku kinachotangazia mtaa mzima kwamba duka limepokea laki mbili ni mwaliko. Kwa hiyo uamuzi wa kutamka kiasi uwe wa mwenye duka, swichi yake iwe ukurasa wa kwanza, na salio lisitamkwe kwa sauti kamwe.

Suala la nani mwingine anasikia linakuwa zito zaidi ukihama kutoka dukani kwenda zahanati. Katika parokia ya kanisa lile lile la Mbuya lilizaliwa mwaka 2001 shirika la Reach Out Mbuya, linalohudumia watu wanaoishi na VVU, wengi wao wa mitaa ya chini ambako chumba kimoja hulaza familia na ukuta ni wa jirani pia. Fikiria programu ya kukumbusha dawa itakayotoa sauti humo: "Wakati wa kumeza dawa zako." Aliyeiandika alidhani anasaidia.

Jibu bora ninalolijua lilipatikana Kenya, na halikuwa hata programu. Kati ya 2007 na 2008, katika kliniki za Nairobi na Kajiado, utafiti wa WelTel ulioongozwa na Richard Lester uliwatumia wagonjwa ujumbe mmoja kila wiki wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Walioshiriki walikuwa 538. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliopata ujumbe, asilimia 62 walieleza kuwa walikuwa wakimeza dawa kama inavyotakiwa, dhidi ya asilimia 50 ya wasioupata, na virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48. Angalia ubunifu uliomo. Mlio ni wa ujumbe wowote. Maneno ni ya rafiki yeyote. Mume, mwajiri au jirani akiyasoma hajui kitu. Njia ina matawi mawili tu, na kunyamaza nako kumehesabiwa kuwa jibu. Sijaona menyu yenye heshima kuliko hiyo.

Kampala yenyewe ilikuja na Call for Life, mfumo wa simu za sauti uliojaribiwa na Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mgonjwa hupigiwa simu, na kabla ya neno lolote la afya huingiza namba yake ya siri. Hatua hiyo moja ya ziada hurefusha njia, jambo nililolilaumu kurasa mbili nyuma. Hapa inastahili.

Sauti inaweza pia kwenda upande wa pili, simu ikawa ndiyo inayosikiliza. Mwaka 2012 wanafunzi wa Makerere, Joshua Okello, Josiah Kavuma na Aaron Tushabe, walichukua pembe ya Pinard, kile kidude cha mkunga kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1895, wakakiunganisha na maikrofoni na simu ili programu yao, WinSenga, ihesabu mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Hapo njia ndani ya programu ingefaa iwe fupi kabisa: weka pembe, subiri, soma namba. Ugumu wote ni wa kelele, kwa sababu maikrofoni haichagui. Inachukua moyo wa mtoto, tumbo la mama, na mazungumzo ya wodini kwa usawa.

Halafu lugha, na hapa ndipo programu nyingi zinazojiita za wenyeji hujikwaa. Mbuya ina lugha za kutosha. Luganda ndiyo ya mtaani, Kiingereza cha ofisini, na Kiswahili, ambacho jeshi la Uganda limekibeba tangu enzi za King's African Rifles, husikika kuzunguka kambi na hospitali. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, baada ya kutajwa kwenye marekebisho ya katiba ya 2005. Basi msanidi anaongeza Kiswahili: anarekodi mtu akitamka namba moja hadi tisa, kumi, mia, elfu, kisha kompyuta inaunganisha vipande. Kwa Kiingereza mbinu hiyo hupita. Kwa Kiswahili inatoa "watu mbili wanakusubiri" na "vifurushi tano," na msikilizaji anajua papo hapo kuwa aliyeitengeneza hakumheshimu vya kutosha kumsikiliza.

Saa ni hatari zaidi. Mfumo umehifadhi 09:00, kipande kilichorekodiwa kinasema "saa tisa," na mgonjwa aliyepangiwa kliniki asubuhi anafika alasiri, foleni imefungwa. Mganda atakosea vilevile kwa Luganda, maana naye huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi. Skrini inaweza kuonyesha 09:00 kila mtu akaelewa kwa namna yake. Sauti haina nafasi hiyo, lazima iseme "saa tatu asubuhi," na neno "asubuhi" lisikatwe kwa kubana muda.

Dawa ya yote mawili ni kurekodi sentensi nzima nzima, si vipande, kwa kila hali inayoweza kutokea. Wahasibu huuliza kama hilo halitaifanya programu kuwa nzito. Tukokotoe. Kwa Opus, mfumo wa kubana sauti uliosanifiwa mwaka 2012, usemi unaeleweka vizuri kwa biti 16,000 kwa sekunde, yaani baiti 2,000. Sentensi ya sekunde tatu ni kilobaiti sita. Sentensi mia mbili hazifiki megabaiti moja na robo, chini ya picha moja iliyopigwa na simu ya kisasa. Zipakuliwe mara moja, zikae ndani ya simu, zisiombe bando tena. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na kuanzia Julai 2021 ikaweka badala yake ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Mtu aliyepitia hayo hatakusamehe ukimla bando kwa salamu.

Kisha jaribu, lakini si ofisini Bugolobi. Shuka mpaka steji ya boda saa kumi na mbili jioni, foleni ya Barabara ya Jinja ikiwa imesimama na kila mtu akipiga honi. Washa programu, zima mwanga wa skrini, iweke simu mfukoni mwa mwendesha boda asiyekujua, na umlipe nauli kamili ya kupanda hadi kanisani. Ukiwa nyuma yake, tuma milio yote kwa mpangilio usioujua hata wewe, na kila mmoja ukilia aseme kwa sauti umemwambia nini. Usimsaidie. Mlio atakaoukosea, au atakaokuuliza "ule ulikuwa wa nini, ssebo?", utolewe kwenye toleo linalofuata hata kama aliyeutunga ni bosi.

Na kabla hujashuka, muulize pia ni mlio upi ungemuudhi saa nane usiku.